Rudi na malighafi: picha za safari na majaribio ya kuzihariri

Kuna picha ambazo hakuna programu itakayoziokoa, na karibu zote ziliharibikia palepale zilipopigwa. Wingu limeungua likabaki weupe mtupu. Panorama ina vipande sita na kila kipande kina bluu yake. Mnara umejaa fremu nzima hadi ncha inagusa ukingo wa juu, na mtu akitaka kuunyoosha kwenye kompyuta hana nafasi ya kukata. Mpiga picha wa studio akigundua kosa huwasha taa upya. Wa safari hana bahati hiyo: mahali ameshapaacha na mwanga ule umeshapita.

Ndiyo maana nitaanza na kamera, kompyuta itafuata. Anayependa kuchezea picha apige kama anayekusanya malighafi. Picha iliyo tayari kuhaririwa mara nyingi huonekana mbaya kwenye skrini ya kamera: imepauka, ina nafasi tupu pembeni, haina mvuto. Usiifute.

Faili lenyewe

Piga RAW, yaani faili ghafi lenye taarifa zote za kamera kabla hazijapikwa. Faili ni zito, ndiyo, kamera ya megapikseli 24 hutoa kama MB 25 hadi 40 kwa picha moja, lakini hesabu iko hivi. JPEG huhifadhi viwango 256 vya mwanga kwa kila rangi ya msingi: nyekundu, kijani na bluu. RAW ya biti 12 huhifadhi 4,096, na ya biti 14 huhifadhi 16,384. Ukiinua giza la JPEG kwa stopu mbili (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu), vile viwango vichache vilivyokuwa chini huvutwa kama ngozi ya ngoma hadi mianya ionekane. Hapo ndipo anga la jioni linapogawanyika mapande kama ngazi, na ukishaliona huwezi kuacha kuliona.

Viwango hivyo havikugawanywa sawasawa. Sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, huhesabu mwanga moja kwa moja, kwa hiyo katika RAW ya biti 14 nusu ya viwango vyote, yaani 8,192, vimo katika stopu ya juu kabisa. Inayofuata ina 4,096, kisha 2,048, na ukishuka hadi stopu ya nane unakuta 64 tu. Chenga, yaani vitone vya fujo vinavyochafua picha, nazo hukaa hukohuko chini. Ukipiga picha yenye giza kwa kuogopa kuunguza, umeihifadhi mandhari yako yote kwenye ghorofa yenye vyumba vichache. Afadhali uisukume histogramu (grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto na angavu kulia) upande wa kulia kadiri inavyokwenda bila kugota ukutani, kisha uishushe nyumbani.

Washa onyo la kumeta kwa sehemu zilizoungua. Ongeza mwanga kwa theluthi ya stopu mpaka kitu kianze kumeta, halafu rudi hatua moja. Jua lenyewe, taa, na mng'aro wa maji vikimeta si neno, havina chochote cha kuhifadhi. Wingu likimeta, shuka. Jua pia kwamba histogramu ya kamera imechorwa kutokana na JPEG ndogo ya kuonyeshea, si RAW yenyewe, kwa hiyo kwa kawaida juu kuna akiba kidogo. Usiitegemee sana. Mekundu ya machweo huungua mapema kuliko rangi nyingine, na histogramu ya jumla haikuambii. Tazama ile yenye rangi tatu.

Wanaotumia simu: simu nyingi za sasa zina hali ya kitaalamu inayotoa RAW ya aina ya DNG. Ukiifungua mara ya kwanza utadhani simu imeharibika, maana ina chenga na haina uhai. Ile JPEG nzuri uliyoizoea imetengenezwa kwa picha kadhaa zilizounganishwa, zikafutwa chenga na kunolewa kabla hujaziona. Ni nzuri kutazama, ila imeshakaangwa. Ukiinoa tena, majani yanageuka plastiki.

Jambo moja kuhusu watu. Kipima mwanga cha kamera hujitahidi kuifanya kila fremu iwe ya kijivu cha wastani. Mtu mwenye ngozi nyeusi amesimama mbele ya ukuta mweupe wenye jua: kipima kinaona weupe mwingi, kinapunguza mwanga, uso unazama. Ongeza theluthi mbili ya stopu hadi stopu nzima, kisha angalia kama ukuta au nguo nyeupe haijaanza kumeta. Mtu huyohuyo akijaza fremu nzima, kosa linageuka: kamera inaongeza mwanga mno na ngozi inapauka, basi punguza. Ukichelewa ukajaribu kuurudisha uso uliozama kwa slaida ya vivuli, ngozi inakuwa kijivu kama imepakwa majivu, kwa sababu slaida hiyo huinua giza na kuua kontrasti kwa pamoja. Tumia kurva badala yake (mstari wa mwanga kutoka nyeusi hadi nyeupe unaoupinda kwa nukta): bandika nukta moja karibu kabisa na nyeusi isisogee, kisha inua katikati polepole. Weusi wa kweli kwenye vivuli ndio unaoipa ngozi nyeusi uhai wake.

Kuondoa umati bila kufuta mtu hata mmoja

Hili ndilo jaribio ninalolipendekeza kwanza kwa yeyote, maana linafundisha jinsi leya (tabaka za picha zinazokaa moja juu ya nyingine) zinavyofanya kazi kuliko somo lolote la menyu.

Mbele yako kuna lango la kale na watu hawaishi kupita. Weka kamera kwenye tripodi, na kila kitu kiwe cha mkono: f/8 (tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga), mizani ya weupe 5,500 K (rangi ya mwanga kwa Kelvini), fokasi ikishapatikana izime isijitafute tena. Piga picha 15, ukiacha sekunde 10 hadi 20 kati ya moja na nyingine. Nyumbani zipange zote kama leya katika faili moja, zilinganishe zikae juu ya nyingine barabara, kisha iambie programu ichukue mediani. Photoshop inaifanya kwa rundo la leya ndani ya kitu-erevu (Smart Object) kimoja. Kwenye GIMP ongeza G'MIC, ambayo ni ya bure.

Mediani inafanya nini? Kwa kila pikseli inachukua thamani zake 15 kutoka picha zote, inazipanga kutoka yenye giza zaidi hadi angavu zaidi, na kuchagua ya nane. Kama mahali hapo palikuwa na jiwe tupu katika picha kumi na watu katika tano, ya nane itakuwa jiwe. Mtu hafutwi, anapigiwa kura. Ukitaka uhakika, basi, kila sehemu ya lango iwe tupu katika zaidi ya nusu ya picha ulizopiga, yaani nane kati ya 15.

Inapokwama ni hapa. Mlinzi aliyekaa kwenye kiti chake muda wote atabaki, tena atabaki safi kabisa, kwa kuwa kwa hesabu ya kompyuta yeye ni sehemu ya jengo. Mtu aliyesimama kwa nusu ya muda anabaki kama kivuli cha mzimu, na dawa yake ni kuchukua kipande hicho kutoka picha moja ambamo hayupo, ukakipitisha kwa maski, yaani kifuniko kinachoamua sehemu gani ya leya ionekane. Majani yanayopeperushwa na upepo yanakuwa uji, na mawingu yanapakazika. Yote mawili yarudishe kutoka fremu moja uliyoichagua. Na usipige kwa muda mrefu mno. Picha 15 kwa dakika tano hazina shida, lakini ukikaa saa nzima vivuli vitakuwa vimehama na kingo za nguzo zitaonekana mbilimbili.

Rundo hilohilo ukilitolea wastani badala ya mediani linakupa kitu kingine. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: picha 4 zinazipunguza nusu, 16 zinazibakiza robo. Ndani ya jengo lenye giza ambako tripodi imekatazwa, piga picha 16 mfululizo kwa ISO 3200 ukiwa umeegemea nguzo, zilinganishe, zitolee wastani, na chenga zitashuka karibu na zile za ISO 200. Ni kazi ya dakika kumi kwenye kompyuta. Kwa maporomoko ya maji, wastani wa picha 30 za robo sekunde unafanana na kuacha shata wazi sekunde saba na nusu: maji yanakuwa hariri na hukubeba filta ya ND, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Mwenye filta ya stopu 10 atapata hivyohivyo kwa picha moja, maana 1/125 ya sekunde inageuka kama sekunde 8. Ila filta nyingi za aina hiyo huacha rangi yake juu ya picha, mara nyingi kahawia au buluu, na inabidi kuiondoa.

Milima yenye utusitusi, hatua kwa hatua

Mfano wa pili tuutazame kwa karibu, kwa kuwa ndio unaowashinda wengi. Safu nne za milima saa sita mchana, mto mbele, mawingu machache. RAW, f/8, 1/250, ISO 100. Ikifunguliwa inaonekana kama imepigwa kupitia chandarua.

Chandarua hicho ni hewa. Mwanga wa bluu hutawanywa na hewa kuliko mwekundu, kwa hiyo kadiri mlima ulivyo mbali ndivyo unavyopoteza weusi wake na kuvaa ubluu. Ndiyo sababu utusitusi unasaidia kuliko unavyoudhi: macho husoma umbali kwa huohuo. Anayeufuta wote hubaki na milima minne iliyobandikwa kwenye karatasi moja.

Anza na marekebisho ya lenzi na kunyoosha upeo, kwa sababu vyote viwili hukata kingo na hutaki kuchora maski kisha zihame. Mizani ya weupe ifuate, hapa kama 5,400 K. Slaida hii huwachanganya watu. Mwanga wenye Kelvini nyingi ni wa bluu (kivulini hufika 7,000 au zaidi, balbu ya zamani ni kama 2,800), lakini ukipandisha namba kwenye programu picha inakuwa ya manjano zaidi, kwa kuwa unaiambia programu mwanga ulikuwa wa bluu nayo inafidia.

Kisha mwanga wa jumla −0.35, sehemu angavu −45, vivuli +15. Nyeusi ishushe mpaka mawe ya ukingoni mwa mto yapate weusi halisi, ukomee hapo. Sasa slaida ya kuondoa utusitusi: +12 kwa picha nzima, basi. Najua mkono unawasha kuipeleka hadi +50. Slaida hiyo huongeza kontrasti na kukoleza rangi kwa mpigo mmoja, hutia giza anga, na majani ya karibu ambayo hayakuwa na utusitusi wowote huanza kung'aa kama rangi ya mafuta. Badala yake chora maski ya mteremko inayoanzia safu ya pili kwenda ya tatu, uipe +18. Safu ya nne iache kama ilivyo. Punguza ukolezo wa rangi kwa 8 mahali ulipoongeza, maana ubluu utakuwa umezidi.

Sasa kuza hadi asilimia 100 na utembee na mstari unaokutanisha milima na anga. Utakuta utepe mweupe mwembamba unaofuata mgongo wa mlima. Huo ndio ushahidi wa kwanza wa picha iliyohaririwa kwa pupa, na huonekana hata kwenye picha za watu wanaojulikana. Unatokana na zana zinazoongeza kontrasti ya karibu: kila pikseli inalinganishwa na jirani zake ndani ya duara fulani, na pale ambapo jirani mmoja ni mlima wenye giza na mwingine ni anga, hesabu inapitiliza pande zote mbili. Rudisha kontrasti hiyo chini ya 15, au ifute kwa brashi kando ya mstari huo. Ukiona kinyume chake, utepe mweusi, maski yako imeingia angani. Ipanue ulaini wa ukingo wake.

Anga nalo. Njia inayovutia wengi ni kushika bluu peke yake na kushusha mwangaza wake. Kufikia −15 hakuna tatizo. Ukifika −40 anga linatoa chenga na kingo za mawingu zinachanika. Sababu iko kwenye sensa: katika mpangilio wa kawaida wa Bayer nusu ya vitone vyake ni vya kijani, robo nyekundu na robo tu ni bluu, kwa hiyo unavuta sana kutoka mahali penye taarifa chache. Maski ya mteremko yenye mwanga −0.4 inafanya kazi ileile kwa usafi. Kama ulikuwa na filta ya polaraiza (kioo kinachokoza bluu ya anga na kupunguza mng'aro) tayari umepata nusu ya kazi. Hiyo hufanya kazi zaidi kwenye sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka jua, na kwa lenzi pana chini ya milimita 24 hivi inaacha doa jeusi la bluu katikati ya anga ambalo ni usumbufu mtupu kulisawazisha. Usiitumie kwenye dirisha la ndege pia: plastiki yake inatoa rangi za upinde wa mvua.

Vumbi la sensa huonekana kwenye anga, kama vidoa vya kijivu vyenye kingo laini. Kwa f/4 hulioni, kwa f/16 linajaa. Kwa kuwa linakaa mahali palepale katika kila picha, lifute kwenye moja kisha nakili marekebisho hayo kwa picha zote za siku hiyo. Halafu zipitie, kwa sababu palipokuwa na anga kwenye picha ya kwanza panaweza kuwa na jicho la mtu kwenye ya pili.

Mwisho ni kuchora kwa mwanga. Tengeneza leya mpya iliyojazwa kijivu cha asilimia 50, iweke katika hali ya mwanga laini, ambako kijivu hicho hakionekani kabisa. Chukua brashi pana na laini yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 8. Nyeupe inaangaza, nyeusi inatia giza. Pitisha nyeupe juu ya mkondo wa mto, nyeusi kwenye pembe mbili za chini, na kidogo kwenye uso wa safu ya kwanza ulio kivulini. Pita mara tatu au nne badala ya kubonyeza mara moja kwa nguvu. Kazi hii ifanyike katika biti 16. Katika biti 8 ngazi za anga zinarudi, na utazilaumu zana bure.

Majaribio yasiyo na adabu

Hapa hakuna sahihi na kosa, ila kuna kujua unachogusa. Lightroom, darktable na RawTherapee haziharibu faili la asili. Huandika maelekezo pembeni, kwa hiyo unaweza kuwa na nakala kumi za picha moja kwa nafasi ya karibu bure. Zitumie. Badilisha jambo moja kwa kila nakala. Ukibadilisha matano kwa pamoja na matokeo yakapendeza, hutajua kilichofanya kazi, na utaishia kununua priseti, yaani mipangilio iliyotengenezwa na wengine.

Nyeusi na nyeupe haipatikani kwa kuondoa rangi tu. Tumia kichanganya chaneli: nyekundu 60, kijani 40, bluu 0. Jumla ibaki 100 ili mwangaza usiyumbe. Anga lina nyekundu kidogo, kwa hiyo linakuwa jeusi na mawingu yanatoka mbele. Ngozi, ambayo ina nyekundu nyingi, inaangaza. Geuza, bluu 70 na kijani 30, na utaona anga linapauka, ngozi inakolea, makunyanzi yote yanajitokeza. Kwa mzee mwenye uso uliochorwa na miaka hii ni zawadi. Kwa wengine watakuchukia.

Beba picha za nyuso za vitu: ukuta uliobanduka rangi, mchanga, kutu, turubai iliyochakaa. Piga moja kwa moja mbele yake, mwanga wa kivulini, f/8, bila kitu kingine. Weka ukuta huo juu ya picha ya mandhari katika hali ya kuzidisha: nyeupe yake inatoweka, nyeusi inabaki, na matokeo daima yana giza kuliko vyote viwili. Hali ya skrini ni kinyume chake, nyeusi hutoweka na kila kitu huangaza. Anza na nguvu ya asilimia 25, na futa ukuta juu ya nyuso za watu, isipokuwa unataka waonekane wagonjwa.

Mikia ya nyota ni rundo jingine, safari hii kwa hali inayochagua pikseli angavu zaidi. Picha 120 za sekunde 30, f/2.8 au f/4, ISO 800 hadi 1600, mapumziko ya sekunde moja. Hiyo ni saa moja, na kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kila mkia utakuwa na upinde huo. Zima kabisa kipunguza chenga cha shata ndefu. Kikiwa kimewashwa, kamera baada ya kila picha hupiga nyingine ya giza yenye urefu uleule, na mikia yako inakuwa vistari vilivyokatikakatika kama barabara. Betri ijae na lenzi ikaguliwe umande kila baada ya dakika ishirini.

Halafu kuna kubadilisha anga, ambako programu za sasa hufanya kwa kubofya mara moja. Zikosee au zisikosee kingo, jambo linalozisaliti ni mwanga: jua la anga jipya liko kushoto, vivuli vya chini vinaelekea kushoto. Na maji hayakuambiwa, bado yanaakisi anga la zamani. Binafsi sioni ubaya kama picha ni ya kuchezea na mtazamaji anajua. Ikiwa inaitwa picha ya mahali fulani, mambo ni mengine. Februari 1982 jarida la National Geographic lilizisogeza piramidi mbili za Giza kwa kompyuta ili zitoshe kwenye jalada la wima, miaka minane kabla ya Photoshop kuuzwa, na jalada hilo linatajwa hadi leo kila mjadala huu unapoanza. Kilichohamishwa kilikuwa kidogo tu.

Skrini, na kutoa nje

Picha iliyohaririwa usiku kwenye laptopu iliyowashwa mwanga wote itachapishwa ikiwa nyeusi, maana uliishusha ili isikuumize macho. Weka mwanga wa skrini sawa na karatasi nyeupe iliyo pembeni chini ya taa ya chumba. Kwa wenye kifaa cha kupimia, candela 80 hadi 120 kwa mita ya mraba. Zima pia ile hali ya usiku inayotia skrini umanjano. Imeharibu albamu nyingi kuliko lenzi mbovu.

Malalamiko ya "rangi zimekufa nilipopakia" karibu kila mara ni nafasi ya rangi, yaani kiwango kinachosema kila namba ni rangi gani hasa. Picha imehaririwa kwa Adobe RGB ikatolewa hivyohivyo, na programu iliyoipokea ikaisoma kama sRGB. Hariri kwa unayotaka, lakini kwa mtandaoni toa sRGB, upande mrefu pikseli 2,048, JPEG ubora 80 hadi 85. Kunoa kufanyike baada ya kupunguza ukubwa, kwa nusu kipenyo cha pikseli 0.5. Kwa karatasi gawanya pikseli kwa 300: picha ya 6,000 kwa 4,000 inatosha inchi 20 kwa 13, yaani kama sentimita 50 kwa 34. Ukiikata nusu kila upande, megapikseli 24 zimekuwa 6 na karatasi yako ni sentimita 25 kwa 17.

Ukimtumia mtu kwa WhatsApp kama picha, itabanwa na ngazi za anga ulizohangaika kuziondoa zitarudi. Itume kama hati, inafika kama ilivyo. Ila "kama ilivyo" ni pamoja na taarifa zilizofichwa ndani ya faili: saa, aina ya kamera, na kama GPS ilikuwa imewashwa, mahali hasa uliposimama. Dirisha la kutolea picha lina kisanduku cha kuondoa mahali. Kitie alama, hasa kwa picha ulizopiga ukiwa dirishani mwa chumba unacholala.